Mavumbi ya Igowole

Miaka ile ya hamsini, Igowole nzima hapakuwa na msichana wa kumshinda Verediana kuchekecha chai. Ndivyo alivyowatangazia watu kanisani. Walipozidi kumkodolea macho akaongeza kwamba chumba cha kuchekechea walikuwamo wawili tu, na mwenzake alikuwa amehamia juzi kutoka jikoni.

Majani mazuri yalifungwa makashani yakaenda kwa wenyewe, Ulaya. Vumbi lililobaki chini ya chekecheke, laini kama ugoro, ndilo walilokunywa wao, na Verediana alirudi nalo nyumbani kwenye nywele, kope na viganja. Siku zile, jamani, vumbi lilikuwa vumbi! La pareto liliwapigisha watu chafya hadi wakasahau walichokuwa wakigombania. La barabara ya Mbeya, jekundu, lilimshusha padri kwenye lori akifanana na mlevi aliyekaa naye. Na la dhahabu lilikuwa kule Chunya, ambako kijana mmoja, Yotamu, alilichuja mtoni kutwa, kisha likaondoka na wenye machimbo.

Verediana na Yotamu walionana harusini Kihesa, wakacheza ngoma hadi viatu vikalia. Sasa mshenga alikwisha kuja, na Yotamu mwenyewe alikuwa njiani kujitambulisha.

“Dada yako alijuana na mtu wake vichakani, akaniletea mimba bila mkwe,” alisema baba yake, Mzee Kalinga. “Wewe sitakutoa hivyo. Huyu Mnyakyusa anayekuja unamjua?”

“Hata sura yake siijui, baba.”

Lori liliingia alasiri, manyunyu yakianza. Verediana alitoka kazini mbio hadi barabarani. Yotamu alijificha nyuma ya duka, akajikung'uta, akafungua furushi na kuvaa shati jeupe. Shati hilo lipo hadi leo, sandukuni kwa Verediana, na wajukuu wamekatazwa kuligusa.

“Nimependeza?”

Verediana alimkumbatia, akakaza. Kisha akakata njia ya mkato, akanawa, akajifunga khanga, akatulia jikoni kama mtu asiyejua hata barabara iko upande gani.

Nyumbani kwa Kalinga mgeni wa safari hakupewa mkono kabla ya kunawa, na binti wa nyumba ndiye aliyepiga magoti kummiminia maji. Yotamu aliinama, akajipaka sabuni usoni. Shangazi Esta alikuwa amesimama nyuma yake na taulo.

“Kaka,” akaita polepole, “hebu njoo uone mgongo wa mgeni.”

Viganja viwili vya kahawia, vidole vyote vimetanuka, vimekolea kwa manyunyu.

“Vere,” Mzee Kalinga akasema, “mikono ya nani hii?”

“Labda ya utingo wa lori, baba. Si unajua barabara ile ilivyo na vumbi.”

“La barabara ni jekundu.”

Shangazi aliinama akanusa shati. “Utingo huyu anachekecha chai.”

“Shangazi naye! Mimi mtu huyu ndiyo kwanza namtia machoni.”

Yotamu, macho yamejaa povu, masikio yamejaa maji, alinyoosha mkono hewani akipapasa.

“Vere, mpenzi wangu, taulo basi! Sabuni inaniua.”