Mungu Mwenye Macho ya Fedha

Gari la kuazima lilisimama pale lami inapoishia, mwanzo wa kijiji cha Aruvikulam, kando ya kiukuta cha mawe kilichobomoka nusu. Mbuzi wawili walikuwa wakijikunia hapo. Pechiyammal alishuka wa kwanza, akanyoosha mgongo, akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakutambua kitu hata kimoja.

"Mama, ni wapi sasa?" mwanawe Esakki akauliza, mkono bado uko kwenye usukani.

"Ngoja nivute pumzi, baba. Nilikuja hapa siku moja tu, miaka arobaini na minne iliyopita."

Mjukuu wake Kuyili alikuwa na miezi kumi na moja na wembe ulikuwa haujamgusa kichwa. Nywele za kwanza za mtoto ni haki ya mungu wa ukoo wa baba yake. Hapewi mwingine, na ukikosea ukampa mwingine hakuna kurudia, maana nywele za kwanza hazioti mara mbili. Mungu huyo alikuwa hapa Aruvikulam, hilo walilijua. Lakini Sangili, mume wa Pechiyammal, aligombana na ndugu zake mwaka uleule wa harusi, akahamia kwenye viwanda vya nguo Coimbatore, akaapa kwamba hatakanyaga tena kijijini. Hakukanyaga. Mungu wake alimwita "yule wa kwetu" na hakuongeza neno, na mwaka juzi alikufa hivyohivyo. Ndugu zake nao walishatawanyika, wengine wamekufa, wengine hawajulikani waliko.

Esakki alikuwa baharia, na keshokutwa meli yake ilikuwa inaondoka kwa miezi tisa, na mtoto hunyolewa kabla hajatimiza mwaka. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi. Na leo yenyewe ilikuwa Jumatano, saa mbaya, isiyofanywa jambo la heri, ikianza saa sita mchana. Sasa hivi ilikuwa saa tatu na nusu.

"Tuambie tena unachokumbuka," alisema mkamwana wake Thenmozhi, akimhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile.

"Vitu viwili tu. Nilikuwa bibi harusi, mama mkwe wangu Nachiyar kanishika kisogo, kaniinamisha, nisiinue uso. Kwa hiyo niliona kizingiti. Kilikuwa na samaki wawili wa kuchongwa, wanatazamana. Halafu nikaiba kidogo, nikainua macho mara moja. Nikamwona mungu mwenyewe. Uso wa manjano, unanukia, na macho makubwa ya fedha yananitazama mimi! Nikainama tena upesi."

"Macho ya fedha," alirudia Kasirajan, kaka yake Thenmozhi. Yeye ndiye mjomba wa kumpakata mtoto wakati wa kunyolewa, na alikuwa amevaa shuka jipya jeupe ambalo alikuwa haketi popote asije akalichafua. "Basi si kazi. Kijiji chenyewe kidogo."

Wakavua ndala, maana kwenye mahekalu huendi na ndala, na wote walikuwa na haraka. Esakki akazikusanya zote akazipanga kando ya gari, juu ya jiwe moja pana la kiukuta kile, akawafukuza mbuzi wasije wakazitafuna.

Ng'ambo ya njia palikuwa na mama mmoja mnene, jina lake Rakkammal, anatunga asmini barazani kwake. Alikuwa amewatazama tangu gari liliposimama.

"Dada," Pechiyammal alimwamkia, "mungu mwenye macho ya fedha yuko hekalu gani hapa?"

Rakkammal akakata uzi kwa meno. Akaangalia gari, akaangalia miguu yao mitupu. "Dada yangu, hapa miungu wenye macho ni wengi kuliko watu wenye meno. Anza na Shiva, pale bwawani. Akiwa siye, nenda kwa Perumal. Akiwa siye, vuka mashamba uende kwa Ayyanar. Huyo macho anayo, tena ya kugawa!"

Kinyozi wa kijiji alikuwa keshaitwa, akawafuata na baiskeli yake, mkoba wa nyembe umening'inia kwenye usukani.

Hekalu la Shiva lilikuwa kubwa, mawe yake baridi kama tumbo la mtungi, na popo walinuka huko juu. Pechiyammal aliinama kizingitini, akapiga kelele ya furaha. Samaki! Wawili, wanatazamana. Esakki akacheka. Halafu Thenmozhi akasema polepole, "Mama, na hapa wapo." Kwenye nguzo ya kwanza walikuwapo samaki wawili. Nguzo ya pili wawili. Ukutani, darini, kwenye mfereji wa maji, kila mahali samaki wanatazamana, mpaka Pechiyammal akaona kizunguzungu. Akachungulia ndani kwenye giza. Jiwe la Shiva lilisimama kimya, limepakwa mistari mitatu ya majivu. Uso hakuna.

"Huyu siye," alisema. "Au ndiye? Samaki ndio, uso sio."

"Uso haukuvuliwa kweli?" Kasirajan akauliza.

"Wewe, mungu ni kofia?"

Hekalu la Perumal lilikuwa limefungwa, kuhani kaenda mjini. Wakachungulia kwenye tundu la kufuli kwa zamu. Esakki aliona taa. Thenmozhi aliona miguu ya dhahabu. Pechiyammal aliona giza, na kope zake mwenyewe.

Saa nne na nusu wakavuka mashamba. Huko, chini ya mivumo, farasi wa udongo walisimama safu mbili, wakubwa kuliko farasi wa kweli, wengine wapya wamepakwa buluu, wengine hawana vichwa. Mwisho wa safu alikaa Ayyanar, masharubu yamepinda juu, macho kama sahani mbili za chai.

"Ndiye!" Pechiyammal alishika kifua. "Macho hayo! Ndiye, ndiye!"

Mambo yakaenda mbio. Kasirajan akatazama ardhi, akatazama shuka lake, akajikaza akakaa. Kuyili akapakatwa. Kinyozi akachota maji, akamlowesha kichwa, mtoto akaanza kucheka kwa baridi. Thenmozhi akatandika kitambaa cha manjano cha kupokelea nywele. Mtunza hekalu, mfinyanzi mwenye mikono iliyopasukapasuka, akawasha kafuri.

"Ukoo wenu ni upi, nimtajie?" akauliza.

"Hatujui, baba. Lakini nilimwona mimi, siku ya harusi yangu. Amepakwa liwa mbichi ya msandali uso mzima, ananukia mpaka nje."

Mfinyanzi akaizima kafuri kwa kiganja. "Amepakwa nini?"

"Liwa."

"Bibi, huyu ni udongo na rangi. Haogeshwi, hapakwi kitu. Babu yangu kamfinyanga, mimi nampaka rangi kila baada ya miaka mitatu. Ukimsugua liwa, masharubu yote utabaki nayo mkononi!"

"Kwa hiyo siye?"

"Wa kupakwa liwa ni mungu wa jiwe."

"Jiwe lipi?"

Mfinyanzi akazungusha mkono hewani, kama anayefukuza nzi. "Hapa mawe yamejaa."

Kinyozi alikuwa ameshakunjua wembe. "Mimi nimekwisha lowesha kichwa," alinung'unika. "Na kichwa kikishaloweshwa, mama, kinangoja."

"Kingoje tu," alisema Pechiyammal. Sauti ilimtoka ndogo. Alijaribu kuuona tena uso ule wa manjano akilini, lakini ukamjia na masharubu. Akajaribu tena, ukamjia na mistari ya majivu. Sasa hata hicho kimoja alichokuwa nacho kimechafuka.

Wakarudi njiani kupitia mashamba. Kuyili alilala, nywele zimemganda kipajini. Ilikuwa saa tano na robo.

"Mama," alisema Thenmozhi, na alilisema kwa upole, "twende Tiruchendur, kwa Murugan. Kule hawamkatai mtoto wa mtu. Mwakani, tukimpata huyu wetu, tutamwomba radhi."

"Mwakani utampa nini? Nywele za pili?"

"Mama, sasa tufanyeje?" Esakki akasema. "Hatuwezi kunyoa kwa kubahatisha."

Pechiyammal akaanza kutembea kuelekea kwenye gari. "Basi, wanangu. Twendeni Tiruchendur."

Akafika kwenye gari. Akainama kuchukua ndala zake, shingo imemlegea kwa uchovu, kidevu karibu kigonge kifua, na alipoinua ndala ya kulia akaona jicho la samaki.

Akaondoa ndala ya kushoto. Akaondoa za Esakki. Samaki wawili, wanatazamana. Lakini samaki si wako kila mahali leo? Akapitisha kidole gumba juu ya jiwe. Samaki wa kushoto alikuwa na mkia. Wa kulia hakuwa nao, ulikuwa umemeguka zamani, na kidole chake kikatulia pale kwenye mmeguko. Hapo ndipo alipokumbuka. Siku ile alikuwa ameuhurumia mkia ule muda wote wa maombi.

Akachungulia ndani ya kiukuta. Hakuna paa. Palikuwa na jiwe moja jeusi, refu kufika magotini, linang'aa mafuta ya zamani. Halina pua, halina mdomo, halina macho.

"Mama, hilo ni jiwe tu," alisema Esakki.

"Mbuzi wanajikunia hapo kila siku," kinyozi akaongeza.

"Mkia ndio," alisema Pechiyammal. "Uso sio. Jamani, nachanganyikiwa."

Rakkammal alikuwa amevuka njia na ungo wake wa maua. "Vipi, hamkumpata?"

"Dada, huyu ni wa nani?"

"Huyu? Ni Sasta, mungu wa kina Nachiyar, wale wa nyumba ya mkwaju. Waliondoka wote. Sanduku lake waliniachia mimi, liko uvunguni kwangu. Mwezi wa Panguni mwezi ukijaa, namkanda liwa, namtengenezea uso, namvika pua yake na macho yake ya fedha."

Pechiyammal akamkodolea macho. "Nachiyar ni mama mkwe wangu! Na mimi asubuhi sikukuuliza macho ya fedha?"

"Uliniuliza mungu mwenye macho yuko wapi. Huyu hana macho mpaka Panguni. Leo macho yako kwangu."

"Si ungeniambia!"

"Ningekwambiaje?" Rakkammal akaangua kicheko mpaka maua yakamwagika. "Mmefika, mmepanga jozi nne za ndala juu ya kizingiti chake, mkaondoka. Nikasema, hawa wawe wa ukoo wowote ule, huu siyo!"

Esakki akaanza kuziokota ndala, masikio yamemwiva. Pechiyammal alipiga magoti, akawapangusa samaki kwa pindo la sari yake, yule mwenye mkia na yule asiye nao, akamwomba radhi mmoja baada ya mwingine.

Saa tano na dakika arobaini Kasirajan aliketi mavumbini bila kulitazama shuka lake. Kinyozi akamlowesha mtoto mara ya pili. Nywele zikaanguka kwenye kitambaa cha manjano, nyepesi, na Kuyili akalia hadi mbuzi wakasogea mbali. Kichwa kikapakwa liwa iliyobaki sandukuni kwa Rakkammal, kikawa cha manjano, kinanukia, na chini yake macho makubwa yana machozi. Pechiyammal alikitazama, akalitazama jiwe, akakitazama tena.

Thenmozhi akamchukua mwanawe na kile kifurushi cha nywele, akasimama mbele ya jiwe, kisha akahama akasimama upande wa pili, kisha akarudi.

"Mama, mbele yake ni upande gani?"

Pechiyammal alifikiri sana. "Sijui, mwanangu. Siku ile uso ndio ulionionyesha. Wewe mzunguke tu."

Wakamzunguka mara tatu, mkono wa kulia ukiwa upande wake, na kila hatua Pechiyammal aliinamisha kichwa, maana mbele ingeweza kuwa hapohapo.