Inchi Mbili za Deldel

Aling Consing, mama ntilie wa Marikina huko Manila, hakuwa mtu wa kulia hovyo, lakini Jumatatu ile alilia juu ya sufuria ya mchuzi wa ukwaju mpaka wateja wakaanza kutazamana. Habari aliileta Mang Doro, dereva wa bajaji, ambaye habari mbaya hazimpiti. Ligi ya mpira wa kikapu ilikuwa imetangaza sheria ya msimu mpya: mchezaji wa kigeni asizidi futi sita na inchi tano. Watapimwa wote, Ijumaa saa tatu asubuhi. Atakayezidi anapanda ndege Jumamosi.

"Na Deldel ana ngapi?" Aling Consing aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo. Marikina nzima ilikuwa nalo. Liliandikwa kwenye kitabu cha timu na kwenye bango kubwa la kituo cha basi: futi sita na inchi saba.

"Amezidi mbili," alisema Mang Doro. "Ndiyo basi tena."

Huyo Deldel jina lake la pasipoti ni Rodell Hatcher, wa Shreveport huko Marekani. Kacheza mpira wa kikapu Uturuki, kacheza Venezuela, Kupro, Lebanon, na kwingine ambako hata yeye hupasahau. Manila aliletwa na timu ya kampuni ya sabuni, ikampangia hoteli yenye kiyoyozi. Siku moja akaletwa na wenzake kula kwa Aling Consing, akamaliza sahani nne, akauliza chumba cha juu ni cha nani. Kilikuwa cha binti yake mama huyo, aliyeolewa Dubai. Huu sasa ulikuwa msimu wa tatu anaishi humo. Kila asubuhi alishuka ngazi, akamwita Nanay, yaani mama, akauchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake kama watoto wa huko wafanyavyo kwa wakubwa. Kwa urefu ule, ilimbidi ainame kama mtu anayetafuta kifungo chini ya kitanda. Aling Consing alijifanya hajali. Uongo mtupu. Alikuwa anampenda yule kijana kupita kiasi, na kijana mwenyewe ana miaka thelathini na sita.

"Kuna njia," alisema Mang Doro, akijiongezea wali bila kuulizwa. "Mtu akiamka ni mrefu kuliko akienda kulala. Mgongo unashuka kutwa nzima. Akibebeshwa mizigo, unashuka zaidi."

"Nani kakwambia?"

"Shemeji yangu, daktari."

"Shemeji yako ni daktari wa nguruwe!"

"Kwani nguruwe hana mgongo?"

Aling Consing akafuta machozi kwa aproni.

Basi, Jumanne alfajiri Deldel akaamshwa kwa kugongewa mlango na ufagio. Gunia la mchele la kilo hamsini lilikuwa linamsubiri chini ya ngazi. Akalibeba mpaka sokoni, akalirudisha. Habari zikasambaa, na ikawa ibada ya mtaa mzima: kila mwenye mzigo alijitolea mzigo wake. Mjane wa kona akaleta mitungi miwili ya gesi. Fundi viatu akaleta cherehani ya chuma. Mtu mmoja akaleta mama mkwe wake, aliyekuwa anakwenda kliniki hata hivyo, na bibi akabebwa mgongoni akiwapungia watu mkono kama malkia.

"Taratibu, Nanay," Deldel alihema Jumatano, gunia shingoni.

"Taratibu ya nini? Unataka kwenda Shreveport? Huko nani atakupikia?"

"Hakuna mtu, Nanay."

"Basi tembea!"

Kulala mchana kulipigwa marufuku, na kuegemea ukuta pia. Maziwa yalifungiwa kabatini, maana yanarefusha. Aling Consing mwenyewe alikwenda kanisani siku zote tatu, akamwashia Mtoto Yesu mishumaa, akapiga magoti na kuomba kwa aibu, kwani kumwombea mtu afupishwe si jambo la kusemwa kwa sauti. Na Deldel? Hakulalamika hata kidogo. Alikuwa anatabasamu, mpaka Mang Doro akaanza kusema kwamba labda lile gunia limembana mshipa wa kichwani.

Ijumaa walimsindikiza watu kumi na wanane. Kwenye bajaji Aling Consing alimpa maelekezo ya mwisho: kunja magoti kidogo ndani ya suruali, wala usivute pumzi. Lakini ofisa wa ligi, mwanamume mkavu mwenye rula ndefu ya mbao, akaagiza kaptura, miguu mitupu, visigino ukutani. Aling Consing akaona mambo yameharibika. Akafumba macho.

"Futi sita," alisema ofisa, "inchi nne na nusu."

Ukumbi ulilipuka. Mang Doro aliruka juu akamkumbatia mlinzi. "Inchi mbili na nusu! Kwa siku tatu! Mnaona? Mnaona?"

Aling Consing alifumbua macho. Deldel alikuwa bado amesimama ukutani, wima kabisa, kifua mbele, kidevu juu kama anapigwa picha. Magoti hayakuwa yamekunjwa hata chembe. Mama huyu amelea watoto watano, na mtu aliyelea watano anaijua sura ya mtoto asiyekuwa na wasiwasi.

Akamvuta mkono mpaka nje, kwenye ngazi.

"Deldel. Una urefu gani wewe?"

"Sita, nne na nusu, Nanay."

"Tangu lini?"

Akajikuna shingo. "Tangu nina miaka kumi na tisa. Ile saba aliiandika kocha wa chuo. Wote tunaandikiwa. Mfupi haitwi na timu."

Ndala ya Aling Consing ilikuwa imeshatoka mguuni. Alimchapa nayo kwenye kiwiko, maana bega halifikiki. "Siku tatu! Cherehani! Mama mkwe wa watu! Nimemsumbua Mtoto Yesu, kumbe kazi yenyewe hakuna! Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema, Jumatatu ileile." Hakukinga kiwiko. "Nimecheza nchi saba, Nanay. Kote huko, tukifungwa mechi mbili nakuta begi langu limefungwa, liko mapokezi. Hakuna aliyewahi hata kuuliza kama naweza kubaki. Halafu nikashuka ngazi nikakukuta unalia kwa ajili yangu. Nikasema, niache niionje siku moja tu."

"Siku moja ingetosha, mjinga wewe."

"Haikutosha."

Aling Consing alibaki na ndala mkononi. Akaivaa ndala, akajifuta uso kwa kiganja, akageukia ukumbini ambako Mang Doro alikuwa anamweleza ofisa wa ligi habari za nguruwe.

"Doro!" alipaza sauti. "Acha maneno, lete bajaji hapa mlangoni! Mwanangu hawezi kutembea, mgongo unamuuma!"