Moto Alipopiga Hodi

Usiku wa jana niliota, na kabla hujaanza kutabasamu naapa kwa kaburi la mama yangu, liko Matai, nenda kalitazame ukitaka, kwamba haya yote ni kweli tupu.

Niko kwenye foleni ya zahanati hapa Sumbawanga. Baridi inauma mpaka kwenye fizi. Foleni inasogea, nami nasogea. Nikifika dirishani, dirisha si la zahanati tena. Ni lango la mtambo wa nyuklia, mkubwa kama mlima, na wala hakuna anayeshangaa. Nyuma ya dirisha amekaa mtungi mwekundu wa kuzimia moto, kadi ya ukaguzi inaning'inia shingoni.

"Sichalwe," ananiita. "Umechelewa kazini."

"Mimi mstaafu, bwana mkubwa. Nilifanya kazi kwenye mashine ya kusaga."

"Pale kijiweni ulisema nini?"

Pale kijiweni tunapocheza drafti kwa vizibo vya soda, nimewaeleza wenzangu mara nyingi kwamba ujanani nililinda mtambo wa nyuklia ng'ambo, na kwamba moto ukiniona ulikuwa unageuza njia. Habari zenyewe nilizisoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni. Wote hunicheka. Aliyeniamini ni Kapele peke yake, jirani yangu, ukuta wetu mmoja.

"Nilisema nililinda," nikajibu.

"Basi linda."

Tunashuka ngazi. Chini kuna chumba kirefu kisicho na dirisha, nyaya nyeusi zimelazwa ukuta mzima kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye msiba.

"Hizi ndizo zinazoendesha pampu," mtungi anasema. "Pampu zinaleta maji, maji yanapoza tanuri. Nyaya zikiungua, pampu zinasimama. Pampu zikisimama, hutakuwapo kuniuliza kinachofuata."

Darini kengele ya moshi inakohoa. "Naumwa," inasema. "Nimenusa vumbi la watu maisha yangu yote. Nipumzisheni."

"Sheria ya hapa," mtungi ananiambia, "kengele ikiugua, mtu anakaa mahali pake mpaka apatikane wa kumpokea."

Mahali pake ni darini. Mtungi na kengele wakanigeuza miguu juu, wakanifunga kwa skrubu zilizopita kwenye ndala zangu, wakanichomeka taa ndogo nyekundu puani. Kengele ikavaa koti ikaondoka bila kuaga.

"Na yule nani?" nikauliza.

Nje ya mlango, kwenye benchi, amekaa Moto. Mwembamba, amevaa koti la mvua, mikono ameikunja mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.

"Huyo ana adabu zake. Haingii bila kupiga hodi. Akipiga, wewe jibu, 'Kuna mtu.' Ukinyamaza, anaingia. Ukisema karibu, anaingia na ukoo wake."

Mtungi akapanda ngazi, akaenda zake.

"Hodi," akasema Moto, kwa sauti ya mtoto aliyenyeshewa.

"Ka..." Nikauma ulimi. "Kuna mtu!"

Unacheka? Jaribu wewe. Umelelewa kwa fimbo, ukafundishwa kwamba hodi haiachwi ikining'inia, halafu ujizuie. Neno lenyewe linakupanda kooni kama kwikwi.

"Hodi, wenyewe. Huku nje baridi."

"Kuna mtu."

"Mimi pia nilikuwa na jiko langu," akasema Moto. "Mama mmoja akinipuliza kila asubuhi. Siku hizi wana gesi."

"Kuna mtu," nikasema, na machozi yakanitoka. Kwa vile nilikuwa kichwa chini, yalipita kwenye paji la uso, yakaingia kwenye nywele.

Hakuna aliyekuja kunipokea. Humo hamna asubuhi. Damu imenijaa masikioni, hodi inafuata hodi, na kila mara lile neno linanikaribia meno zaidi.

Ndipo akapita Kapele. Amejifunga shuka, ana jagi mkononi, anatafuta bomba la maji katika ndoto yake mwenyewe.

"Sichalwe! Kumbe ni kweli ulifanya kazi huku!" Uso ulimng'aa. "Na wale wanavyokucheka!"

Ningeweza kumwambia ukweli. Nikamwambia, "Kapele, ndugu yangu, nishikie nafasi. Naenda haja, narudi sasa hivi."

Kwetu ombi hilo halikataliwi. Iwe foleni ya maji, iwe ya zahanati, mshika nafasi wa mtaa mzima ni Kapele.

"Nenda, wala usikimbie," akasema, akanifungua skrubu, akaanza kujigeuza miguu juu mwenyewe.

Nikamwachia ndala yangu ya kulia iwe amana. "Mtu akipiga hodi, sema kuna mtu. Basi."

"Hata karibu nisimwambie?"

"Usithubutu!"

"Aa, Sichalwe. Hiyo siyo adabu."

Nilikuwa nimeshafika juu ya ngazi.

Nikaamka. Jua limeshatoka. Chini ya kitanda ndala ni moja, ya kushoto, na kwenye soli yake kuna tundu la skrubu. Panya, nikajiambia. Panya wa siku hizi wana meno ya duara.

"Hodi!" mlangoni.

"Kuna mtu!" nikajibu.

Mlango ukafunguka. Ni Felista, mke wa Kapele, ameshika ndala yangu ya kulia.

"Shemeji, jibu hilo umelitoa wapi?"

"Jibu gani?"

"Mume wangu haamki. Nimemmwagia maji, haamki. Tangu alfajiri anasema kuna mtu, kuna mtu, na hii ameikumbatia kama mtoto mchanga. Umempeleka wapi?"

"Mimi nilikuwa nimelala, shemeji."

"Najua. Mlipokuwa mmelala, umempeleka wapi?"

Akanishika mkono wa shati, akanivuta mpaka kwake.

Kapele amelala chali, midomo imepasuka, sauti imebaki ya kukwaruza. Chumbani kunanuka plastiki inayoungua. Huyu ni mtu anayemkaribisha hata mbuzi wa jirani. Usoni unaona kabisa kwamba anamsikiliza mgeni, na mgeni huyo anamtia huruma.

"Ka..." akasema. "Ka... kari..."

Felista akapiga yowe. Nikajitupa kitandani kando yake, nikafumba macho, nikasema kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, "Kuna mtu!"

Harufu ikakatika.

Kapele akafumbua macho. Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja moyo.

"Yule mgeni ana baridi sana, Sichalwe," akasema.

Akaketi. Akanywa maji, jagi zima. Akavaa shati, akafunga vifungo taratibu. Kisha akaokota ndala yake moja, akaiweka juu ya kifua changu.

"Nishikie nafasi," akasema. "Naenda haja, narudi sasa hivi."

Sasa ni alasiri. Felista ameniwekea uji pembeni ya kitanda, nami sithubutu kuunywa, nisije nikaulizwa mdomo ukiwa umejaa. Kutoka kijiweni nasikia vizibo vinagongwa ubaoni. Namsikia na Kapele akiwaambia jamaa kwamba Sichalwe hakuwa mwongo, mtambo upo, yeye ameuona kwa macho yake. Leo hakuna anayecheka. Wanamsikiliza.

Macho yangu yako wazi kabisa. Hata hivyo hodi naisikia vizuri tu.

"Kuna mtu," najibu.