Birika Chini ya Ukuta

Ko! Ko! Ko ya tatu ikaja na mwangwi, kama mtu kagonga mtungi mtupu.

Mchimbaji aliuinua mwiko wake, akatega sikio. Alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na mbele yake ulinyooka mfereji wa mawe uliopenya chini ya ukuta wa mji wa kale.

"Achana nao, dada," mkuu wa uchimbaji alimwambia kutoka juu. "Pimamaji imeshasema, mfereji umeinamia nje ya mji. Ni mtaro wa maji machafu. Jioni tunaufukia."

"Ukuta umetitia, kaka. Ukizama, si unazama na mfereji wake na kuuinamisha?"

"Unatetea kwenu tu wewe."

Hapo alimtonesha kidonda. Bibi yake aliishi mtaa ulioegemea ukuta ule, mtaa ambao mji mzima uliuita Mtaroni, na watoto wa mtaa huo shuleni waliitwa panya. Shimo likifukiwa leo, tusi hilo litaingia kwenye ripoti na kugeuka historia.

Akachokoa ukingo wa bamba la jiwe lililolia. "Basi nisaidie kuinua hili, halafu ufukie upendavyo."

Mkuu akashuka, akinung'unika. Wakainua. Chini ya bamba, hatua chache kutoka ukutani, upande wa mji, palikuwa na birika lililopigwa lipu ya chokaa, laini kama kikombe. Nusu yake ilijaa mchanga: upande wa ukuta changarawe, upande wa mji laini kama unga.

Mkuu akauinamia mchanga. Akauchota, akausugua kwa vidole.

"Mchanga mzito hutua kwanza," akasema polepole. "Umetua upande wa ukuta. Basi maji yaliingia mjini, hayakutoka."

"Yakatulizwa hapa, yaache takataka. Kaka, nani anachuja maji ya kumwaga?"

Mkuu akaangua kicheko. "Haya, umenifunga bao! Hafukii mtu hapa."

Bibi yake alikuwa amefika kwenye kamba iliyozungushiwa shimo, mkono kiunoni. "Mmepata nini huko, wajukuu? Choo cha babu zangu?"

"Maji ya kunywa, bibi! Tena yaliyochujwa!"

"Ehee! Watu waliosimamisha ukuta kama huu ndio washindwe na kata ya maji?"

Mchimbaji akapanda, akaishika mikono ya bibi kwa mikono yake yenye udongo.

"Bibi, nakuahidi, na ukuta huu unasikia: nitaufuata mfereji huu mpaka kwenye chemchemi yake, na wa kwanza kunawa uso pale ni wewe."