Pasi Nyuma ya Mlango

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini wiki ile nilijisifu mpaka mate yakanikauka. Kila aliyeniletea nguo za kupiga pasi aliondoka na habari moja: binti yangu anaigiza kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, ule wenye viti vyekundu, na mchezo mzima unamhusu yeye. Sikuyatunga. Aliniambia mwenyewe, amesimama mlangoni anavua viatu: "Mama, pazia likifunguka mpaka linapofungwa, wanazungumza habari zangu mimi tu." Nikayachukua maneno hayo nikayatembeza mtaani, na kila yalipofika nyumba mpya yalikuwa yamenenepa kidogo. Kwa fundi viatu, jirani yangu, yalifika na taji kichwani.

Wifi yangu ndiye pekee ambaye hakushangilia. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, na kwa mambo ya ukoo, akikohoa yeye wengine wote wanakwenda kutafuta maji. Alitaka binti asomee uuguzi. Mambo ya jukwaani aliyaita michezo ya watoto waliokosa wa kuwatuma dukani. Akaja kwangu, akakaa kwenye kiti changu kizuri bila kukaribishwa.

"Wifi, mimi sitaki maneno mengi," akasema. "Nitakwenda nione kwa macho yangu. Nikimwona anang'ara, nafunga mdomo mpaka kaburini. Nisipomwona, anaacha hayo mambo anaanza uuguzi, na wewe hutanipinga."

"Sawa," nikamjibu, wala sikuinua macho kwenye shati nililokuwa nalinyoosha. "Nenda kaazime miwani ya jua."

Basi Jumamosi alasiri tukaenda, safu nzima ya viti tukaijaza sisi na majirani. Nilivaa gauni langu la buluu, marinda yake nimeyanyoosha mpaka yangeweza kukata mkate. Kulia kwangu alikaa wifi, kushoto fundi viatu, ambaye alikuwa amefunga kibanda chake na kupaka viatu vyake rangi kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Pazia likafunguka. Ilikuwa sebule ya wenye nazo: makochi mapana, kioo kirefu ukutani, na nyuma kabisa mlango mmoja uliofungwa. Baba mwenye nyumba alikuwa anamsubiri mgeni mkubwa, naye kasimama na fulana na soksi tu, maana nguo zilikuwa bado zinanyooshwa.

"Mpiga pasi! Shati langu!" akapiga kelele kuelekea mlangoni.

Mkewe naye akafuata, kisha watoto. Mmoja alisema mpiga pasi ni mwizi. Mwingine alisema mpiga pasi ndiye mtu pekee mwenye akili humo ndani, ila alipoulizwa anaitwa nani, hakujua. Walimlaumu kwa joto, kwa mvua, na hata kwa kitambi cha baba. Nyuma ya mlango hakujibu mtu. Ilisikika pasi tu, ile nzito ya mkaa, ikienda na kurudi.

Wifi akanisogelea sikioni. "Yuko wapi?"

"Anakuja. Wakubwa hawatoki mapema."

Watu wa jukwaani wakaingia na kutoka, wakagombana, wakapatana. Wifi akanigusa tena kwa kiwiko. "Bado anajipamba?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na damu ikanipanda mpaka masikioni. Kweli mchezo mzima ulimhusu yeye. Yeye ndiye alikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia aibu, siwezi kusema vingine, na baada ya aibu zikaja hasira. Miaka yote ile nimekaa vyumba vya nyuma nikiwapigia watu pasi ili mwanangu akae mbele za watu, halafu amepewa jukwaa zima, lenye taa na makochi, naye akaenda kujitafutia chumba cha nyuma! Nilianza kupanga maneno ambayo ningemwambia mwongozaji wa mchezo wao, na yalikuwa maneno ya kumtoa mtu kwenye kofia yake.

"Wifi," akasema wifi, polepole, kwa sauti ya mtu aliyeshinda, "uuguzi ni kazi nzuri sana."

Wakati huohuo nilisikia kitu kutoka kule nyuma ya mlango. *Ko, ko.* Kisha pasi ikatua.

Lazima nieleze. Nilipokuwa nafanya kazi kwenye nyumba za watu, sikuwa na pa kumwacha mtoto. Alikaa chini ya meza yangu ya pasi. Alikuwa na tabia ya kupandisha vidole mezani ili avute ncha za shuka, na mimi roho ilikuwa inanitoka. Kwa hiyo kila nilipotaka kutua pasi, niligonga meza mara mbili kwa kidole: toa mkono, moto unashuka. Alilijua hilo kabla hajajua kutembea. Sasa amekuwa mtu mzima, chini ya meza kimebaki kikapu cha nguo, na mimi bado nagonga. Wateja wananicheka. Hakuna mpiga pasi mwingine mwenye wazimu huo.

*Ko, ko.* Pasi ikatua, ikateleza. Akanyunyiza maji kwa vidole, nikayasikia yakilia kwenye chuma. Akakung'uta kola kama ninavyoikung'uta. Akaguna kidogo alipogeuza mkono wa shati, kama ninavyoguna tangu bega lilipoanza kunisumbua. Nilikuwa namsikiliza mwanangu, na humo ndani yake nilikuwa najisikiliza mimi mwenyewe, ukumbi mzima ukiwa umekaa kimya chini ya mikono yangu. Hasira zikaniisha. Kifua kikanijaa mpaka marinda ya gauni yakaanza kufunguka.

Halafu, *ko, ko*, pasi ikatua, na haikuinuka tena.

Kwenye sebule hakuna aliyejali. Baba alikuwa anajifunza hotuba ya kumkaribisha mgeni, mkewe anacheka mbele ya kioo. Watazamaji nao waliwatazama hao. Lakini mimi mkono wangu wa kulia ulikwisha kuanza kuwasha. Mtu wa kazi yangu anaweza kulala hata amesimama, ila pasi ikilala juu ya nguo, anaamka. Nilisahau niko wapi. Nikajikuta nimesimama.

"Nyanyua pasi!" nikapiga kelele. "Mwanangu, nguo inaungua!"

Watu wakacheka. Mmoja nyuma yangu akanisonya. Wifi akanivuta gauni: "Kaa chini, unatuaibisha!"

Kisha kicheko kikafa chenyewe, kwa kuwa sasa wote walikuwa wanasikiliza kile nilichokuwa nakisikiliza mimi, na hakikuwepo. Chini ya ule mlango ukaanza kutoka moshi mwembamba.

"Mama Pasi kasema kweli!" fundi viatu akaropoka, naye kasimama. "Humo ndani hakuna mtu! Kaondoka!"

Kumbe ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Waigizaji hawakuyumba hata kidogo. Waliendelea kuzungumza mpaka moshi ukafika kwenye kioo, ndipo baba akakimbia akaufungua mlango. Tukaona meza, shati lenye alama nyeusi ya pasi mgongoni, aproni kwenye msumari, na mlango wa uani uko wazi, mwanga unaingia. Wakati huohuo mgeni akabisha hodi. Baba akalivaa shati lilelile, na alama yake, akaenda kumpokea. Pazia likafungwa.

Makofi kama yale sijayasikia tena popote. Pazia lilipofunguliwa waigizaji wakainama mbele yetu, kisha wakatugeuzia migongo, wakainama mbele ya ule mlango, ambao ulikuwa umefungwa tena. Ukumbi wote ukasimama. "Atoke! Atoke!" watu wakaita. Hakutoka. Ila makofi yalipopungua kidogo, nyuma ya mlango ikasikika: *ko, ko.*

Nikalia, mbele za watu, bila leso.

Mama mmoja mwenye hereni ndefu, safu ya mbele yetu, akageuka. "Jamani, ni nani yule wa nyuma ya mlango?"

Nikafungua mdomo. Wifi akaniwahi.

"Ni wetu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlango mkuu. "Ni mtoto wa kaka yangu. Kazi yake ndiyo hii."

"Natamani ningemwona. Ana sura gani?"

Wifi akanishika bega, lile bovu, akanisogeza mbele.

"Mtazame mama yake."

Yule mama akanitazama, na wa pembeni yake wakanitazama, na wa mbele zaidi wakageuka nao. Nikanyoosha marinda ya gauni langu kwa kiganja, nikasimama wima ili wanione vizuri.