Tiki Mbili za Kamati

Fomu ya chuo cha Uingereza ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: digrii ya jiolojia, miaka mitatu. Cha pili: miaka minne, unatoka na uzamili moja kwa moja. Mimi nilitaka cha pili, kwa sababu ndoto yangu ilikuwa kurudi nifundishe chuo kikuu, na bila uzamili hufundishi. Kilichobaki ni kutia tiki. Tiki moja tu!

Lakini huo ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na kijijini kwetu Wamagana msichana hakujipeleka ng'ambo. Alipelekwa na kamati ya harambee, iliyomchangia nauli na karo. Basi fomu ikakaa ndani ya Biblia ya mwenyekiti, Mzee Ngatia, na kila Jumapili baada ya ibada wazee wakaijadili mpaka chai ikapoa. Mimi niliitwa kujibu maswali.

"Hiyo ya pili itaingiaje na ya kwanza haijatoka?" Mzee Ngatia aliuliza.

"Zinasomwa pamoja, Mzee," nikasema, kwa mara ya tisa.

"Na gauni za kuhitimu ni ngapi?" akadakia Mama Kihara, msimamizi wa mapishi.

"Moja."

"Ati miaka nne, gauni moja? Sherehe moja? Wachuka, hao watu wanakuibia!"

Nusu ya kamati ikataka mitatu, nisije nikaolewa huko. Nusu ikataka minne, kwa sababu mtoto mmoja wa mji jirani wa Othaya alikuwa amesoma minne. Nilitamani kupiga mayowe.

Juma la tano nilienda Nairobi kufuata pasipoti. Niliporudi, Baba alinipokea akitabasamu.

"Tumeelewana. Tumeweka tiki kwa zote mbili, na Muriithi, karani wa kamati, amepeleka posta. Hakuna mtu amekasirika."

Mimi je? Nilienda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira.

Jibu lilikuja Julai. Nilisimama mbele ya kamati nikawatafsiria neno kwa neno: kwa kuwa sikuchagua moja, nimewekwa kwenye miaka mitatu, nafasi za miaka minne zimejaa. Mshika mbili moja humponyoka, na iliyoniponyoka ndiyo niliyoitaka.

Mzee Ngatia alikohoa. "Basi tuitishe mkutano mwingine."

Baba hakumsikia. Alikuwa ananitazama mimi, kofia mkononi.

"Wachuka," akasema polepole, "kwani wewe ulikuwa unataka gani?"

Majuma matano ya mikutano! Ndiyo kwanza mtu ananiuliza hilo.