Kidhibiti cha Bwana Nizar

Rafika alirudi kwenye ukumbi wa wazi wa mji wa Susa saa nane mchana, jua likichoma, cheti cha daktari mkononi. Siku mbili kabla, wakiwa mazoezini, mpiga gitaa alichomoa waya bila kumwambia fundi mitambo. Mlio ukampasukia Rafika masikioni kupitia visikilizi, vile vidude ambavyo wanamuziki huvichomeka masikioni wapate kujisikia jukwaani. Alivinyofoa akaiinamia kanuni yake, ala ya nyuzi nyingi anayoipiga akiwa ameipakata. Tangu hapo sikio la kushoto lilikuwa likipiga mluzi, hata akila, hata akiswali.

Nizar, mwimbaji na mwenye bendi, alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa akila mkate wa samaki na harisa, ile pilipili ya kusaga.

"Karibu, dada. Umepona?"

"Soma."

"Mikono ina mafuta. Nisomee."

"Sikio la kushoto limepoteza sauti za juu. Huenda zikarudi kidogo, huenda zisirudi. Nisikae penye kelele mwezi mzima."

"Si unalo la kulia?" Nizar akaendelea kutafuna. "Kanuni inapigwa kwa vidole."

Wapigaji wawili watatu waliokuwa jukwaani wakacheka. Rafika alihisi damu ikimpanda kichwani. Alikuwa amempigia mtu huyu miaka kumi na mmoja, kwenye harusi na matamasha, hata siku aliyotoka kumzika mama yake.

Akamgeukia Anis, fundi mitambo. "Kidhibiti kilikuwa wapi? Si kazi yake kuzuia sauti isipite kiasi?"

Anis akajitia kukunja waya. "Kilizimwa."

"Lini?"

"Msimu wa juzi."

"Na nani?"

Nizar ndiye aliyejibu. Wapigaji walikuwa wakichelewa kumfuata, akasema, na kidhibiti kinaifanya sauti iwe kama imefunikwa blanketi.

Rafika akamwona Mzee Mongi, mpiga ngoma ya darbuka, ameinamisha kichwa. "Mzee, ulijua?"

"Nilijua, binti yangu. Mimi la kulia limekufa zamani. Niliogopa nikisema wataniweka kando."

"Ukaniacha nikae ubavuni mwako kila onyesho, na mimi langu life?"

Hilo lilimuuma Rafika kuliko dharau ya Nizar, maana Mongi ndiye aliyemwingiza kwenye bendi na kumtetea walipomcheka kwa kuwa mwanamke.

"Basi vaa visikilizi vyako," akamwambia Nizar. "Anis achomoe waya ule ule, sauti iwe ile ile. Ukivumilia, nakaa napiga."

Nizar akafuta mikono. "Haya." Akavivaa upesi, huku akitabasamu.

Upesi ule ndio uliomtia Rafika shaka. "Anis, vyake vina kidhibiti?"

Anis akamtupia jicho Nizar.

"Anis, nakuuliza wewe."

"Cha kwake hakijazimwa hata siku moja," Anis akasema. "Aliniambia masikio yake ndiyo yanayotulisha sote."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mpiga gitaa akalaza gitaa chini. Mzee Mongi akainuka, akamsogelea Nizar, akanyoosha mkono.

"Vivue."

"Mzee, kaa chini, usinivunjie heshima."

"Upande huo sisikii. Njoo useme upande huu."

Wapigaji wakashuka jukwaani mmoja mmoja, wakaenda kukaa kwenye ngazi za watazamaji. Nizar aliwafokea kwamba watu wameshanunua tikiti, akawaita wasio na shukrani, akamtukana Anis. Hawakusogea. Ilipita nusu saa nzima ndipo alipomwamuru Anis awashe vidhibiti vyote. Rafika alisimama juu ya kichwa cha fundi mpaka akapima visikilizi vya kila mpigaji. Kisha akaanza kuifunga kanuni yake.

"Si vimewashwa? Unakwenda wapi tena?"

"Mwezi mzima, Nizar. Nilikusomea."

Mwezi ulipokwisha, sehemu ya usikivu ilikuwa imerudi. Sauti za nyuzi nyembamba kabisa hazikurudi. Sasa, akizikaza hizo, humbidi ageuze kichwa atumie sikio la kulia, na kila akikigeuza hulitaja jina la Nizar kwa ubaya. Hakurudi kwenye bendi ile.

Mzee Mongi alimpigia simu mara tatu kuomba radhi. Mara ya tatu Rafika akapokea.

"Nimekusikia, Mzee," akamwambia. "Lakini bado nina hasira na wewe. Nipigie tena wiki ijayo."